Baridi yabisi na tumbo: ugonjwa unaanzia wapi, kwenye viungo au kwenye utumbo?

#1 Kadeti wa Makorora
Wakuu, salama? Niende moja kwa moja. Dada yangu ana miaka 34, anaumwa baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe, siyo ya uzee. Vidole vinavimba mikono yote miwili, asubuhi hawezi hata kufunga vifungo vya gauni mpaka jua lipande. Sasa tumbo nalo limeingia: kiungulia, gesi, mara aharishe, mara choo kigome siku kadhaa.

Daktari mmoja kasema ni dawa. Mwingine kasema ni vidonda vya tumbo tu, ugonjwa mwingine kabisa, visichanganywe. Mama mkwe wake kasema mambo yake, hayo tuyaache. Mimi nimeanza kuamini kwamba tumboni ndiko kila kitu kilikoanzia, kwa sababu kabla ya vidole kuvimba aliharisha vibaya mno. Mwenye ujuzi au yaliyomkuta atusaidie.

#2 Mchumi Tumbo
Nimevuta kiti. Karanga ziko wapi?

#3 Famasia ya Kona
Mleta uzi, kabla hatujafika mbali: anameza nini cha maumivu, na anameza kila siku au akizidiwa tu?

#4 Kadeti wa Makorora
Diklofenaki kila siku. Prednisoloni, ile steroidi ya kushusha uvimbe, hali ikiwa mbaya. Methotreksati ya kutuliza kinga aliandikiwa, ila ikimtapisha anairuka.

#5 Famasia ya Kona
Basi sehemu kubwa ya jibu iko kwenye hiyo orodha yako. Diklofenaki na ndugu zake (ibuprofeni, naproksini) zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini. Hizo prostaglandini ndizo zinazochochea uvimbe na maumivu kwenye viungo, lakini ndizo pia zinazolinda ukuta wa tumbo: zinaleta ute, zinapunguza asidi, zinafanya damu ifike vizuri. Ukizizuia huku, umezizuia na kule. Ukimwongezea prednisoloni juu yake, hatari ya kidonda kutoa damu inapanda kuliko kila dawa ikiwa peke yake.

Na kuna hili ninalobishana nalo kila wiki dukani. Mtu anakuja anataka diklofenaki ya sindano "ili tumbo lipumzike". Halipumziki. Dawa inafanya kazi yake kupitia damu, hata ukiichoma au ukiiweka kwa njia ya haja kubwa.

Ongeza H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, ambaye huku kwetu watu wengi wanaye. Apimwe kwa kinyesi au kwa pumzi, akiwa naye atibiwe, halafu daktari aamue kama anahitaji omeprazoli ya kupunguza asidi ili kulinda tumbo. Akiona choo cheusi chenye kunata au akitapika damu, siku hiyo hiyo hospitali, asisubiri kesho.

Methotreksati ni MARA MOJA KWA WIKI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Ikimtapisha aseme, kuna foliki asidi ya kusaidia, kuna na sindano. Kuruka ruka kimya kimya ndiko kunakomrudisha kwenye diklofenaki.

#6 Mzee Kipara
Mmemaliza? Haya. Dawa za hospitali zinatibu kidole zinatoboa tumbo, mmesema wenyewe. Atafute manjano, tangawizi na mlonge. Mimi goti lilikuwa limekataa kukunja, nikapewa unga fulani Kariakoo, siku ya tatu niko harusini nacheza mdundiko.

#7 Nesi Mstaafu
Mzee Kipara, shikamoo. Unga unaonyoosha goti siku ya tatu, mimi ungenitia wasiwasi badala ya furaha. Unga wa aina hiyo umekutwa mara nyingi, nchi nyingi, umechanganywa na prednisoloni au deksamethasoni, na muuzaji hasemi. Goti linanyooka kweli! Halafu uso unajaa, sukari inapanda, presha inapanda, na siku ukiacha ghafla mwili unaanguka. Sisemi miti shamba yote iko hivyo. Tangawizi kwenye chai kunywa tu.

#8 Mzee Kipara
Marahaba. Uso wangu umejaa kwa sababu nyumbani wanajua kupika.

#9 Mgongo wa Chuma
Hapo #5 nakubali kwa mtu anayekula diklofenaki, lakini msifungie uzi hapo, maana mimi yangu ilikuja kinyume. Mgongo ulianza kuuma nikiwa chuo, chini kabisa karibu na makalio. Nikilala ndiyo unazidi, nikitembea unapungua. Kila mtu aliniambia godoro. Baadaye nikaanza kuharisha na kukonda, nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa amiba tena. Mwisho nikapigwa kamera ya utumbo mpana, wakachukua vinyama wakapima, ikaonekana ni Crohn, uvimbe wa kudumu wa utumbo, na mgongo ukapewa jina lake: ankilosingi spondilaitisi, uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo. Kwangu tumbo na mgongo ni ugonjwa mmoja wenye milango miwili. Hakuna kidonge kilichonisababishia, sikuwa nameza kitu.

#10 Mwaka wa Tatu
Naunga mkono #9. Wagonjwa wa mgongo huo, kama asilimia 5 hadi 10 wana ugonjwa wa utumbo unaojulikana wazi. Lakini Wabelgiji wa Ghent miaka ya 1980 waliwapiga kamera hata wale wasiolalamika tumbo, wakachukua vinyama, wakakuta karibu nusu au zaidi wana uvimbe mdogo mdogo kwenye utumbo ambao wenyewe hawaujui. Na hawa asilimia 90 wanabeba jeni HLA-B27. Kwa hiyo kipimo ni hicho, dada apimwe HLA-B27 mjue moja.

#11 Mtu wa Maabara
Mwaka wa Tatu, taratibu. Hiyo asilimia 90 ni ya wagonjwa wa Ulaya. Kwa Wabantu huku kusini mwa Sahara HLA-B27 ni adimu mno, na wagonjwa wetu wengi wa mgongo hawana. Gambia kuna Wafula ambao jeni hiyo wanayo kwa kiasi cha kuonekana, wengi wao aina ya B*27:05, na bado ugonjwa wenyewe hauonekani. Ukimpima Mtanzania ukakuta hana, hujaondoa kitu.

Tena dada wa mleta uzi anavimba vidole pande zote mbili na kukakamaa asubuhi. Hiyo siyo picha ya mgongo. Apimwe anti-CCP, kipimo cha damu cha kingamwili za baridi yabisi. RF, kile kipimo kingine cha damu cha baridi yabisi, peke yake isiwadanganye, inaweza kutoka chanya kwa malaria, homa ya ini, kifua kikuu. Nimeona watu wamebandikwa baridi yabisi maisha kwa karatasi moja ya RF.

#12 Mwaka wa Tatu
Sawa mkuu, ila hoja yangu ya utumbo inabaki.

#13 Mtu wa Maabara
Inabaki. Jeni ndiyo nimeiondoa.

#14 Pwani Raha
Nawasoma kutoka Mombasa. Kadeti, mbona hiyo hara ya mwanzo mumeipita mbio? Mimi ndugu yangu alihara damu wakati wa mvua, akapona. Kama wiki mbili tatu hivi baadaye goti likafura mfano wa boga, kifundo cha mguu kikafuata, macho yakawa mekundu, na akikojoa inamchoma. Daktari akamuuliza tu, "Ulihara lini?" Alijua kabla ya kupima. Bakteria wa kuhara, Shigella, Salmonella, Campylobacter, wanaondoka tumboni lakini kinga imeshawashwa, inaenda kupigana kwenye viungo. Wengi hupona kwa miezi. Wengine hawaponi.

#15 Nesi Mstaafu
Pwani Raha umenikumbusha jambo. Hiyo ya #14 ilipoanza kuonekana kwa wingi barani kwetu ilikuja na VVU, Zambia waliandika sana habari zake. Kwa hiyo mtu akija na goti la hivyo, VVU hupimwa pia, bila kumtazama usoni.

Ila kwa dada wa mleta uzi sioni vizuri. Ya kuhara hupenda viungo vichache vikubwa, tena vya miguu, upande mmoja zaidi ya mwingine. Yeye ni vidole vidogo pande zote.

#16 Pwani Raha
Ndiyo nasema mumuulize vizuri kipindi kati ya hara na uvimbe. Wiki tatu au miaka mitatu? Hapo ndipo penyewe.

#17 Kadeti wa Makorora
Nimemuuliza. Anasema "kama mwezi, au miezi mitatu, sikumbuki". Haya.

#18 Kwetu Bariadi
Mbona jambo dogo hili. Mjomba wangu akila nyama choma na bia Jumamosi, Jumapili dole gumba la mguu limevimba kama nini. Tumbo na viungo vinaongea, ushahidi huo.

#19 Famasia ya Kona
Hiyo ni gauti, haimo kwenye uzi huu. Gauti ni asidi ya yuriki kujikusanya kwenye kiungo, kinga haijamgeuka mtu. Mjomba apunguze bia, aache na diklofenaki za kununua mmoja mmoja.

#20 Kwetu Bariadi
Ila imeingia kwa chakula ikatokea kwenye kiungo. Hoja yangu haijajibiwa.

#21 Mchumi Tumbo
Mjomba anasemaje kuhusu nyama ya Jumamosi hii? Niko tayari kumsaidia kuimaliza.

#22 Mmatumbi wa Malmö
Niko Sweden huku, nina baridi yabisi, na nimeanzishiwa salfasalazini. Nikaenda kusoma historia yake, nikakuta inafanana kabisa na ubishi wenu. Kulikuwa na daktari mwanamke, Nanna Svartz, profesa wa Karolinska tangu 1937. Aliamini baridi yabisi inasababishwa na bakteria, akataka dawa yenye sulfa ya kuua bakteria na salisileti ya kutuliza uvimbe, zote kwenye molekuli moja. Wakamtengenezea. Alipowapa wagonjwa wa viungo wengine wakapata nafuu, lakini waliong'ara zaidi ni wale wenye ugonjwa wa utumbo mpana wenye vidonda. Ikaishia kuwa dawa ya utumbo kwa miaka mingi, viungo vikasahauliwa, halafu miaka ya 1970 na 1980 ikarudishwa kwenye viungo. Na hiyo dawa haivunjiki vizuri mpaka ifike utumbo mpana na bakteria wa humo waikate vipande viwili! Mpaka leo wanabishana ni kipande kipi kinafanya kazi wapi.

Kwa hiyo nikisikia "ni magonjwa mawili tofauti" nasita kidogo.

#23 Mwaka wa Tatu
Umetisha. Na siku hizi wanarudi kule kule kwa Svartz kwa mlango mwingine. 2013 watu wa New York walichunguza vinyesi vya wagonjwa wapya wa baridi yabisi ambao hawajaanza dawa, wakakuta bakteria Prevotella copri amezidi kuliko kwa watu wazima wa afya. Wengine wanamtazama bakteria wa fizi, Porphyromonas gingivalis, kwa sababu ana uwezo wa kubadilisha protini ziwe za namna ile ile ambayo anti-CCP inazishambulia. Kadeti yuko sahihi: inaanzia kwenye njia ya chakula.

#24 Mtu wa Maabara
Kumkuta bakteria kwa mgonjwa hakukwambii nani kamtangulia mwenzake. Uvimbe mwilini nao unabadilisha bakteria wa tumboni. Tena sisi tunaokula ugali, mihogo na maharage tuna Prevotella kwa wingi kuliko Wazungu, na ni wazima. Ingekuwa yeye peke yake, Bariadi nzima ingekuwa imevimba vidole.

#25 Kwetu Bariadi
Bariadi tuacheni.

#26 Mgongo wa Chuma
Ila #22 kuna upande wa pili. Wale wenzetu wenye uwezo wa dawa za sindano za kisasa: infliksimabu na adalimumabu zinasaidia mgongo na Crohn pia. Etanasepti, ambayo inapiga adui yule yule, inasaidia mgongo lakini kwa Crohn haifui dafu. Na secukinumabu inasaidia mgongo, utumbo wa Crohn inaweza hata kuuchafua. Ingekuwa ugonjwa mmoja mngenieleza hapo. Mimi mwenyewe nilisema milango miwili, sasa sina uhakika kama nyumba ni moja.

Kabla ya dawa hizo lazima upimwe kifua kikuu kilicholala. Tena kwetu huku kifua kikuu cha utumbo na Crohn vinafanana kwenye kamera mpaka vinawachanganya mabingwa.

#27 Mama Wawili Njombe
Naomba nami niseme, nimekuwa nasoma tu. Mimi nina skleroderma, ugonjwa wa kinga unaokaza ngozi. Huku Njombe mwezi wa saba vidole vyangu vinakuwa vyeupe pee, halafu bluu, halafu vyekundu na kuwaka moto. Miaka mingi nilijua ni baridi ya Njombe, nani huku hana baridi? Kilichonipeleka hospitali ni chakula. Ugali ulikuwa unasimama kifuani, haushuki mpaka ninywe maji, na usiku asidi inapanda mpaka kooni. Nilitibiwa vidonda vya tumbo tena na tena. Daktari mmoja kijana akashika mikono yangu akaikuta ngozi imekaza haibanwi, akasema mama, koo lako na vidole vyako vina shida moja. Misuli ya koo la chakula imekakamaa, haisukumi. Utumbo nao uko mvivu, bakteria wanazaliana humo, ndiyo maana najaa gesi na kuharisha.

Kwa hiyo kwangu siyo dawa, siyo kuhara kwa zamani. Ugonjwa wenyewe umeingia tumboni. Sasa nalala kichwa kimeinuliwa kwa matofali chini ya miguu ya kitanda, sili baada ya saa kumi na mbili jioni.

#28 Famasia ya Kona
Pole mama, na asante. Kadeti, muulize dada: chakula kinakwama? Vidole vinageuka weupe? Macho na mdomo vikavu mpaka hawezi kula mkate bila maji? Hilo la mwisho ni Sjögren, ugonjwa wa kinga kukausha mate na machozi, hupenda kutembea na baridi yabisi, na mate yakipungua hata kumeza kunakuwa kazi.

#29 Kadeti wa Makorora
Mdomo mkavu ndiyo. Kukwama hapana. Macho anasema yana mchanga.

#30 Bintisultan
Ngano jamani! Acheni ngano. Mimi niliacha chapati, mkate na maandazi, viungo vikanyamaza. Ngano inatoboa utumbo, sumu inaingia kwenye damu.

#31 Mchumi Tumbo
Uzi huu sasa umegusa familia yangu.

#32 Mmatumbi wa Malmö
Bintisultan, kuna ugonjwa wa siliaki ambao ngano kweli inaharibu utumbo, na wengine unawaumiza viungo. Mholanzi Willem Dicke alishauona uhusiano wa ngano na watoto wa siliaki, na njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 ikamthibitishia: mkate ulipoadimika watoto wakapata nafuu, uliporudi wakaugua tena. Afrika wanaoongoza ni Wasaharawi wa Sahara Magharibi, watoto wao zaidi ya asilimia 5 walikutwa nao. Lakini hupimwa kwa damu WAKATI bado unakula ngano. Ukiacha kwanza, kipimo kinakudanganya.

#33 Bintisultan
Sihitaji kipimo, mwili wangu umeniambia.

#34 Ustadh Mpole
Na mfungo mnasemaje? Mimi kila Ramadhani viungo vinatulia, Shawwal vinaamka.

#35 Mwaka wa Tatu
Ustadh, Norway 1991 walilijaribu hilo: wagonjwa wa baridi yabisi wakafunga siku chache, kisha wakala mboga tu mwaka mzima, na walipata nafuu kuliko wenzao walioendelea na chakula cha kawaida. Kwa nini, kila mtu ana lake: bakteria wamebadilika, uzito umepungua, au kinga imekosa kuni.

#36 Nesi Mstaafu
Anayemeza prednisoloni asifunge bila kuongea na daktari wake. Na diklofenaki kwenye tumbo tupu mchana kutwa, Ustadh, hapana.

Nimeona hakuna aliyetaja minyoo. Kuna mmoja anaitwa Strongyloides, anaingia kwa kukanyaga udongo peku, anaweza kukaa na wewe miaka mingi kimya. Ukianza prednisoloni ya nguvu, kinga inashuka, anazaliana na kusambaa mwili mzima, na watu hufa. Kwa mtu wa huku kwetu ni jambo la kuuliza kabla ya dozi kubwa. Albendazoli ya kawaida haimtoshi, ivermektini ndiyo yake.

#37 Bwana Mifugo
Niongeze lililosahaulika. Dada anakunywa maziwa mabichi? Bruselosi, ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na mbuzi, kwa binadamu inaleta homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, tumbo bovu. Huku Umasaini nimeona waliotibiwa baridi yabisi huku kibuyu cha maziwa kiko pembeni ya kitanda. Ukimpa huyo prednisoloni umempa mdudu nafasi.

#38 Mtu wa Maabara
Na ugonjwa wa Whipple. Mdudu Tropheryma whipplei, viungo vinauma miaka kabla ya kuharisha, watu wanapewa dawa za kushusha kinga kumbe dawa ni antibayotiki. Adimu, lakini Senegal wamemkuta kwenye vinyesi vya watoto wengi tu, na wengi hawaugui.

#39 Mzee Kipara
Mpaka sasa nimehesabu: dawa, jeni, kuhara, bakteria, ngano, minyoo, maziwa. Mama mkwe na uchawi wake ana tofauti gani na nyinyi?

#40 Mtu wa Maabara
Sisi tuna vipimo vya kutukatalia.

#41 Kadeti wa Makorora
Asanteni. Jana kaonana na daktari bingwa wa viungo. Diklofenaki imesimamishwa, kapewa omeprazoli, methotreksati imegeuzwa sindano ya kila wiki pamoja na foliki asidi. H. pylori imetoka chanya. Anti-CCP chanya tena juu sana. Kamera ya tumbo ni Alhamisi. Nilipomuuliza kuhusu ile hara ya mwanzo akasema "inawezekana", akaandika kwenye faili, akaendelea na mengine.

#42 Pwani Raha
Aliandika? Basi nami nimeridhika.

#43 Famasia ya Kona
Vizuri. H. pylori ikitibiwa na diklofenaki imeondoka, tumbo likitulia mtajua ilikuwa hiyo.

#44 Mama Wawili Njombe
Na lisipotulia? Mimi yangu walitibu H. pylori mara mbili. Mwambie daktari habari ya mdomo mkavu na macho, watu hatusemi kwa sababu hatujui kama ni ugonjwa.

#45 Mgongo wa Chuma
Kamera ya Alhamisi ni ya juu tu au na ya chini? Kama anaharisha mpaka leo, ya juu haitaona kitu.

#46 Kadeti wa Makorora
Ya juu tu. Ngoja niulize bei ya ya chini.

#47 Bintisultan
Wakati mnauliza bei, aache chapati wiki mbili tu, ni bure.